Uongo Mzuri Unabebwa na Nani?

Kuna uongo mmoja kuhusu huku kwetu ambao umesafiri mbali kuliko wengi wetu. Chukua makala ya mgeni kuhusu Kakuma, iwe ya gazeti, ya shirika, hata ya chuo kikuu, na huenda ukakuta sentensi inayosema kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Kiswahili nimekisoma tangu darasa la kwanza na sasa nakifundisha. Neno hilo sijakutana nalo. Hebu fungua kamusi yoyote uipendayo: utapata kakakuona, utapata kakamavu, na Kakuma hutaiona. Mji ulikuwepo, na jina lake, na watu wake na mifugo yao, kabla ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1992.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini uongo mdogo namna hiyo haufi, ilhali Mswahili yeyote angeuua kwa nusu dakika akipigiwa simu. Nadhani ni kwa sababu unamrahisishia mtu kazi. Mwandishi amefika na siku tatu tu mkononi. Ana joto, ana vumbi, ana maelfu ya watu asiojua aanze na nani. Jina linalomaanisha "pasipo mahali" linampa hadithi nzima bila kuuliza swali hata moja. Yeye anapata wepesi, uzito unatuangukia sisi tunaoishi hapo pasipo mahali. Mahali pakishakuwa si mahali, wenyeji wake nao ni akina nani?

Naanza na hilo kwa sababu nataka kuzungumzia filamu iliyobeba swali la uongo kwenye jina lake lenyewe, na ambayo Kakuma imo ndani yake: The Good Lie, yaani Uongo Mzuri, iliyotoka mwaka 2014, ikaongozwa na Philippe Falardeau wa Kanada kutokana na mswada wa Margaret Nagle. Si filamu mpya. Nairudia kwa sababu swali lake limekuwa zito zaidi huku tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi na watu waliokuwa wameshauza vitanda vyao wakaambiwa warudi wakatandike mikeka. Nairudia pia kwa sababu watu wengi wanaiita filamu ya kulia tu, ile ambayo bango lake lilimweka Reese Witherspoon mbele na Wasudani nyuma yake. Bango ni kweli lilifanya hivyo. Lakini ukiiangalia vizuri utaona kwamba yule mama Mzungu hayumo hata kidogo katika mambo mawili yanayoipa filamu jina lake. Yote mawili ni mambo ya ndugu kwa ndugu.

Kwa ambaye hajaiona: vita vya Sudan vinafika kijijini, wazazi wanauawa, watoto wachache wanaanza kutembea. Anayewaongoza ni Theo, kwa kuwa ndiye mkubwa. Njiani wengine wanakufa. Siku moja wamelala kwenye nyasi, mdogo wake, Mamere, anainuka na askari wanaona kitu. Theo anamwambia mdogo wake alale chini, kisha anasimama yeye. Anawaambia askari kwamba yuko peke yake. Wanamchukua. Wale wengine wanafika Kakuma, wanakaa miaka 13, majina yao yanatoka kwenye orodha, wanapelekwa Marekani: wavulana Kansas City, dada yao Abital anatengwa nao na kupelekwa Boston. Miaka inapita. Habari inakuja kwamba kuna mtu Kakuma anawatafuta. Mamere anarudi Kenya, anamkuta Theo yu hai, anazunguka balozi za Nairobi mmoja baada ya mwingine na kote anakataliwa. Mwishowe anamwambia kaka yake kwamba karatasi zimepatikana. Uwanja wa ndege ndipo Theo anagundua kwamba karatasi zenyewe ni pasipoti ya Mamere, na kwamba anatakiwa apande ndege akiwa Mamere. Anapanda. Mamere anarudi Kakuma kuhudumia wagonjwa.

Katikati ya hayo kuna darasa huko Marekani ambako Mamere anasoma kitabu cha Mark Twain kuhusu Huckleberry Finn, yule kijana anayewadanganya wawindaji wa watumwa kwamba kwenye chelezo chake kuna mgonjwa wa ndui, ili wasimkamate Jim. Mamere anajaribu kueleza uongo kama huo ni uongo wa namna gani. Kwa mtu anayefundisha fasihi, ni jambo la kufurahisha kuona filamu ya Hollywood ikimpa mkimbizi kazi ya uhakiki. Mara nyingi wanampa kazi ya kuosha sahani.

Niliitazama nyumbani kwangu Nakalale, kwenye kompyuta ndogo, betri ikiwa imejazwa na sola mchana kutwa. Tulikuwa watatu. Mmoja ni fundi wa nguo, Mkongomani wa Bukavu, ambaye ana cherehani Kakuma na alikuwa amekuja kuchukua vipimo vya sare za shule. Mwingine ni jirani yangu, mama mzee Mturkana asiyejua Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria. Ilipofika pale kwenye nyasi akaniuliza, "Yule mkubwa amesema nini?" Nikamwambia, "Amesema yuko peke yake." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huo si uongo. Aliposimama, alikuwa peke yake tayari."

Sijasoma mhakiki yeyote aliyeliona hilo. Maneno ya Theo yalikuwa uongo kwa hesabu ya vichwa, maana kwenye nyasi kulikuwa na watoto wengine. Lakini kwa kuyatamka aliyafanya kuwa kweli. Alijitoa kwenye hesabu. Uongo wake haukuiondoa shida ya siku ile. Askari walikuwepo, bunduki zilikuwepo, mtu alitakiwa achukuliwe na akachukuliwa. Alichokifanya ni kuihamisha shida kutoka kwenye migongo ya wadogo na kuiweka kwenye wake.

Tangu usiku ule, kila ninaposikia mtu akiuliza kama uongo unaweza kurahisisha maisha magumu, sioni tena kwamba swali ni ndiyo au hapana. Uongo hauli shida. Ni mchukuzi. Unaipokea hapa unaitua kule, na unaponiambia kwamba kwako imekuwa nyepesi, mimi nitataka kujua kule ilikotuliwa yuko nani na kama aliulizwa.

Mfano ulio wazi kuliko wote ninaoujua haukutoka kwenye filamu. Aprili 2020, wakati wa korona, mama mmoja mjane wa Mombasa aliyekuwa akifua nguo za watu alikosa vibarua. Ana watoto wanane. Akaweka mawe kwenye sufuria, akayachemsha, ili watoto waamini chakula kinaiva na wapitiwe na usingizi. Jirani akagundua, habari ikatoka kwenye televisheni, Wakenya wakamtumia pesa kwa simu. Watu wengi waliikumbuka mara moja ile hadithi ya kale ya Khalifa Umar na mwanamke aliyechemsha mawe, ambayo Pwani inasimuliwa hadi leo. Ni kama maisha yalikuwa yameisoma hadithi na kuiiga. Lakini kuna sehemu ya habari hiyo ambayo wengi waliiruka. Mama mwenyewe alieleza kwamba watoto hawakudanganyika kwa muda mrefu. Walianza kumwambia kwamba wanajua anawadanganya.

Hapo nasimama kila mara. Watoto wanajua, mama anajua kwamba wanajua, na sufuria bado iko jikoni inachemka. Sasa ni nani anadanganywa? Naona kwamba kufikia hapo yale mawe si uongo tena, ni namna ya mama kusema "nimejaribu" bila kulazimika kusema "sina". Njaa ya watoto hakuweza kuihamishia tumboni mwake, maana tumbo lake nalo lilikuwa tupu. Aibu ndiyo aliyoweza kuihamisha, akaibeba yeye. Mtu anayetaka kumwita mwongo huyo, na amwite.

Turudi kwenye filamu, maana nina ugomvi nayo, na ugomvi wangu uko kwenye ule uongo wa pili, wa uwanja wa ndege.

Filamu inataka tuone mizani: Theo alijitoa kwa ajili ya Mamere, sasa Mamere anajitoa kwa ajili ya Theo. Deni limelipwa, muziki unapanda, tunafuta machozi. Nami nilifuta, sitaki kujifanya. Ila hizi si pande mbili za mizani moja. Theo alipodanganya kwenye nyasi, aliyebeba uongo ni Theo mwenyewe. Mamere anapodanganya, anabeba nusu tu: anaipoteza Marekani, anapoteza shule ya udaktari aliyoiota, anarudi kwenye vumbi. Nusu ya pili anambebesha Theo. Tena anambebesha bila kumuuliza, kwa kuwa kwanza anamdanganya kwamba karatasi zipo, na ukweli anamwambia pale ambapo kukataa kunamaanisha kuacha ndege iondoke. Kuanzia dakika hiyo Theo ni Mamere. Ataajiriwa kama Mamere, ataoa kama Mamere, watoto wake wataandikwa ubini wa Mamere. Akiugua, daktari atasoma faili ya Mamere. Akisimamishwa na polisi usiku barabarani, jina lake halisi ndilo litakalomtia matatani.

Fundi wangu wa Bukavu aliliona kabla yangu. Machozi ya mama mzee yalikuwa hayajakauka, yeye akauliza kwa Kiswahili chake: "Mwalimu, huyu Theo akikufa kule, kwa kaburi batamwandika nani?"

Filamu haina jibu kwa sababu inakwisha anapofika. Wanampokea Kansas City kwa kumkumbatia na mambo yameisha. Na hapa ndipo namkumbuka Abdulrazak Gurnah, kwa sababu riwaya yake ya By the Sea, ya mwaka 2001, inaanza mahali ambapo filamu imeishia: uwanja wa ndege, mtu anashuka na pasipoti ya mtu mwingine. Mzee Saleh Omar wa Zanzibar anatua Gatwick akiitwa Rajab Shaaban Mahmud. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Anajua Kiingereza vizuri sana. Ofisa wa uhamiaji anapekua mzigo wake, anakuta kikasha cha udi, kitu pekee chenye harufu ya maisha yake ya zamani, na anakichukua. Mzee anakaa kimya anamtazama. Angesema nini? Uongo aliobeba ulimfungulia mlango, na uongo huohuo ukamfunga mdomo udi wake ulipokuwa unaondoka.

Hiyo ndiyo tofauti ya mwandishi anayejua uongo unaishi wapi. Gurnah hamhukumu mzee wake, wala hampigii makofi. Anamfuata. Na jina la kuazima halikai kimya: Rajab Shaaban alikuwa na mtoto wa kiume, Latif, mhadhiri huko London, na siku moja Latif anapata habari kwamba kuna mzee yuko Uingereza anatumia jina la marehemu baba yake. Tena si mzee yeyote, ni yule ambaye familia yao inamhesabu kuwa ndiye aliyewachukulia nyumba. Riwaya iliyobaki ni wanaume wawili wameketi wakirudishiana ukweli kipande kwa kipande, na ni kazi ya kurasa nyingi, haiishi kwa kukumbatiana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kutoka Unguja hadi Gatwick si fupi, wala kutoka Kakuma hadi Kansas City. Naona walitaka kusema kwamba mwongo hachelewi kukutana na mwenye jina lake.

Labda utasema ninaidai filamu mambo ya riwaya. Sawa. Basi tuache vitabu, twende Garissa.

Miaka ya 1990, na tena katika ukame uliofuata, Wakenya wengi wa jamii ya Wasomali wanaoishi karibu na kambi za Dadaab waliona kitu cha ajabu: mgeni aliyevuka mpaka anapata unga, mafuta, dawa na shule, na raia aliyezaliwa hapo hapati kitu. Wakajiandikisha kama wakimbizi. Walidanganya, ndiyo, na ule uongo ukalisha watoto. Huwezi kumwambia mtu yeyote wa Turkana kwamba haelewi hesabu hiyo. Hapa kwetu kambi na manyatta vinatazamana na kila mwaka wa kiangazi tunaipiga upya. Lakini alama za vidole hazisahau. Wale watoto walipofika umri wa kuchukua kitambulisho cha taifa, kompyuta ilisema: wewe ni mkimbizi. Maelfu kwa maelfu wakakwama, hawawezi kusajili laini ya simu kwa jina lao, hawawezi kuajiriwa, hawawezi kusafiri ndani ya nchi yao bila kusimamishwa kwenye kizuizi. Wengine waliandikishwa na wazazi wao wangali wadogo. Hawakusema uongo wowote, walishikwa tu mkono wakawekwa kidole kwenye mashine. Ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu ya Garissa, ambayo mwanzoni mwa 2025 iliamua kwamba kuwanyima vitambulisho ni kuvunja haki zao.

Sasa niambie: wale wazazi walikosea? Mimi siwezi kusema hivyo. Mtoto aliye hai bila kitambulisho anaweza kwenda mahakamani, aliyekufa kwa njaa hawezi. Ninachosema ni kwamba shida ya mwaka ule haikuisha. Iliwekwa akiba, kwa jina la mtoto.

Na ukiniuliza ni nani aliyeulazimisha uongo huo, nitakuonyesha upande mwingine, upande wa wenye ofisi. Machi 2019, kiangazi kilipokuwa kimeichoma Turkana na vyombo vya habari vikiripoti vifo, wakubwa wa serikali kule Nairobi walisimama wakasema hakuna aliyekufa kwa njaa. Huo nao ulirahisisha maisha, ila ya nani? Waziri alilala. Uongo wa Theo na uongo wa ofisi vyote viwili ni maneno machache tu, yuko peke yake, hakuna aliyekufa. Mmoja ulimwita mwenye kuusema mbele ya bunduki. Mwingine ulimwondoa mwenye kuusema mbele ya kamera. Ndiyo maana siupendi mjadala unaopanga uongo kwa ukubwa, eti mdogo unaruhusiwa na mkubwa haufai.

Kuna namna nyingine ambayo si uongo kamili na inafanana nao. Septemba 2013 serikali pamoja na UNESCO walitangaza kwamba chini ya tambarare ya Lotikipi kuna hazina ya maji ambayo ingetosha Kenya miaka 70. Watu huku walicheza ngoma. Baadaye vipimo vikaonyesha kuwa maji yale yana chumvi. Sisemi mtu alikusudia kudanganya. Nasema tu kwamba mwenye kutangaza alitangaza kabla ya kuonja, na anayetembea kilomita nyingi na jeri begani alikuwa ameshaanza kuyanywa.

Nirudi kwa vijana wa Sudan, kwa sababu kuna uongo mmoja ambao filamu haiwezi kuuonyesha kwa kuwa yenyewe imo ndani yake. Ni ule wa kupanga hadithi ya mateso ili ipendeze sikio la mwenye kusikiliza. Dave Eggers, katika What Is the What, kitabu cha mwaka 2006 alichoandika kutokana na maisha ya Valentino Achak Deng aliyeishi Kakuma, anamruhusu msimulizi wake akiri jambo ambalo kambini kila mtu analijua: kwamba masimulizi ya vijana hao yalikuja kufanana sana, kila moja na simba wake na mamba wake, kwa sababu wafadhili na waandishi walikuwa wanayangojea hayo. Kitabu chenyewe kimeitwa riwaya ingawa ni maisha ya mtu, na hakifichi hilo. Naona huo ni uungwana.

Kwa The Good Lie mambo yalifika mahakamani. Mwaka 2015 wakimbizi 54 wa Sudan waliwashtaki watengenezaji wa filamu huko Georgia, Marekani, wakidai kwamba walihojiwa, wakasimulia maisha yao, na mswada ukajengwa juu ya masimulizi hayo bila wao kupata walichoahidiwa. Watengenezaji walikana. Sitaamua kesi ya watu hapa. Lakini ni vigumu kwangu kuitazama tena ile sehemu ya nyasi bila kujiuliza ni nyasi za nani, na kaka wa nani aliyesimama.

Kwa wanaosimulia shida ili waokoke, sina neno baya. Anayekaa mbele ya meza ya mahojiano anajua kwamba ukweli wake peke yake hautoshi. Unatakiwa uwe ukweli unaoingia kwenye kisanduku cha fomu. Mwaka 2025 chakula kilipopungua na WFP wakaanza kuwagawa watu wa Kakuma kwa makundi ya uhitaji, wa kundi la mwisho wakibaki bila mgao, kila familia ilijikuta ikijifunza kusimulia ufukara wake. Mwenye kigenge cha nyanya anakifunika. Mwenye mbuzi wawili anawapeleka kwa jirani. Nani aliwafundisha? Swali kwenye fomu ndilo lililofundisha jibu.

Tena kuna uongo ambao umeingia kwenye lugha hadi hatuuoni. Ukikutana na mtu huku, "Ejok?" Naye anajibu "Ejok nooi", njema sana, hata kama jana amezika ngamia wake wa mwisho. Kiswahili hakiko mbali. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mzee ametutoka." Mgeni anashangaa: nzuri vipi? Lakini sikiliza ile "ila". Ile "nzuri" ya kwanza inampa mwulizaji nafasi ya kuweka mzigo chini, avute kiti, ndipo msiba umfikie akiwa ameketi. Neno moja la uongo limetangulia kama mtoto anayetumwa mbele kusema wageni wanakuja. Sina hakika kama lugha isiyo na "ila" inaweza kuelewa filamu hii. Mamere alisema "nzuri", karatasi zimepatikana, na "ila" akaificha hadi uwanja wa ndege. Lawama yangu yote kwake iko hapo, katika urefu wa muda kati ya "nzuri" na "ila".

Fundi alibaki baada ya mama mzee kwenda kulala. Kesi yake ya kuhamia Marekani ilikuwa imefika mbali sana kabla ya Januari ile. Mwezi uliofuata, Februari 2025, M23 waliingia Bukavu, na mama yake yuko huko. Wanazungumza kwa simu kila Jumapili. Yeye humwambia mama kwamba kesi inaendelea. Mama humwambia, "Tuko muzuri, mwanangu, tunakula."

"Anakuamini?" nikamuuliza.

"Na mimi ninamwamini?" akajibu, akacheka. Kisha akaniambia kwamba kuna Jumapili moja simu ilikatika kabla ya kusema yale maneno, na ikamchukua saa mbili kupata mtandao ili ampigie tena ayaseme. Mama alipopokea hakumuuliza kulikoni. Alingoja tu mwanawe amalize, naye akasema yake.

Falardeau ni mwongozaji mzuri, na waigizaji wake wanajua wanachokiigiza. Ger Duany na Emmanuel Jal walishika bunduki wakiwa watoto, na wanapokaa kimya mbele ya kamera kimya chao kina uzito. Wangeweza kuubeba mwisho mrefu zaidi. Mimi nilikuwa nangoja sehemu moja ambayo haipo. Haihitaji pesa nyingi wala jangwa la kujengwa Afrika Kusini. Ni asubuhi ya kwanza ya Theo kazini huko Kansas City, kwenye bohari, anapanga makopo kwenye rafu. Msimamizi anaita, "Mamere!" Theo anaendelea kupanga. Msimamizi anaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, na Theo anageuka haraka kutazama mlangoni, aone kama mdogo wake ameingia.